Mtoto wa Balozi

Wiki ya tatu tangu nirudi Kiboriloni, mama mmoja anayeuza ndizi sokoni alinishika mkono nilipokuwa nampa hela, akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniuliza, "Wewe si mtoto wa Balozi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akafurahi, akanipa pole ya miaka yote ambayo hatukuonana, akaniongezea ndizi tatu juu ya chane niliyokwisha kuilipia. Nikamshukuru kwa lugha ya nyumbani, aika mae, nikaondoka. Nilipofika barabara kubwa iendayo Himo nilisimama kungoja magari yapite, na hapo ndipo nilipogundua kwamba swali lile nimelijibu bila kusita. Imenichukua karibu miaka arobaini kulijibu hivyo.

Nimefanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje tangu ujana wangu hadi kustaafu. Nimeishi katika nchi tatu ambako tuna ubalozi. Mara moja, kwa majuma saba, balozi wangu alipokuwa ameitwa nyumbani na mwingine hajafika, nilikuwa kaimu balozi. Balozi kamili sikuwahi kuwa. Lakini mama yule wa ndizi hakuwa na habari na hayo. Balozi aliyemkumbuka ni baba yangu, balozi wa nyumba kumi, na pengine alikuwa akikumbuka barua fulani aliyoandikiwa na baba zamani, akiwa binti, alipokwenda mjini kutafuta kazi.

Katikati ya miaka ya 1960, chama cha TANU kilipoamua kwamba kila nyumba kumi ziwe na kiongozi wake, majirani zetu walimchagua baba, nafikiri, kwa kuwa alijua kuandika na hakuwa mwepesi wa kusema. Alikuwa na meza ndogo chini ya mparachichi, mguu mmoja mfupi umewekewa kipande cha kigae. Muhuri wake aliuhifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, umefungwa kitambaa, na tulipokuwa watoto harufu ya barua za baba ilikuwa mchanganyiko wa wino na chai. Mgeni akilala kwa mtu, jina lake liliandikwa kwenye daftari. Kijana akienda kuomba kazi, au mtu akimdhamini ndugu yake polisi, alipitia pale mezani kuchukua barua ya utambulisho. Miaka ile ya mwanzo wa 1980, sukari na sabuni vilipokuwa adimu, orodha ya kaya ilikuwa mkononi mwake, na nakumbuka nyumba yetu aliiandika mwisho. Malipo hakuwa nayo. Nyumba zenyewe hazikubaki kumi; watu walijenga, vijana walioa, zikafika kumi na nne. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 cheo kile kilibaki cha chama, lakini majirani waliendelea kuja chini ya mparachichi, wakiwemo waliokuwa wamekwisha hamia vyama vingine, nao wakaandikiwa barua zao kama kawaida.

Sasa niseme jambo ambalo naona haya kulisema.

Nilisoma Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, Dar es Salaam, kile kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania kwa kushirikiana na Msumbiji, na ambacho leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Nilikuwa binti wa shambani aliyejifunza kushika uma akiwa sekondari. Baadhi ya wenzangu walikuwa wamekulia kwenye nyumba ambazo majina ya mawaziri yalitajwa mezani kama majina ya wajomba. Jioni moja tukiwa kwenye foleni ya chakula, mmoja aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema, "Baba ni balozi." Wapi? "Yuko kaskazini." Akataja Stockholm, kama mtu anayekisia. Sikuitikia wala sikukanusha. Nilisogeza sahani yangu mbele nikatazama wali ukipakuliwa. Kuanzia siku ile walinisemesha kwa namna nyingine kidogo, na mimi nikaizoea namna ile kama mtu anavyozoea kiatu cha kuazima.

Miezi michache baadaye baba alikuja Dar es Salaam kwa basi. Alivaa koti lake la kanisani, amebeba mkungu wa mshare uliofungwa kwenye gunia. Yule mwenzangu ndiye aliyempokea getini. Kwa adabu zote akasema, "Shikamoo Mheshimiwa Balozi. Uko kituo gani kwa sasa, mzee?" Baba akaitikia marahaba. Akasema yuko Kiboriloni. Akasema ni nyumba kumi, ila sasa zimefika kumi na nne, maana watu wamezaa.

Hakuna aliyecheka. Mwenzangu yule alipokea gunia kwa mikono miwili, akalibeba hadi kwenye veranda, na hadi leo ninamheshimu kwa kitendo kile. Baba alinitazama mara moja tu. Kisha akauliza ndizi ziwekwe wapi, kwa kuwa zimeanza kuiva njiani. Hakuligusa jambo lile jioni ile, wala siku niliyomsindikiza stendi, wala katika miaka ishirini na zaidi aliyoishi baadaye. Nimekwisha mzika, na bado kuna usiku ninaamka nikijaribu kulisoma lile tazamo lake.

Kwa muda mrefu nilidhani nimelisoma. Niliamini kosa langu lilikuwa kumwonea haya mzazi wangu, nikajitahidi kulifidia: nilimjengea choo cha ndani, nikamnunulia redio nzuri, nikawa naitaja Kiboriloni kila nafasi ilipopatikana. Ilinibidi niwe mtu mzima, tena baada ya kuwaumiza watu wengine, ndipo nikaanza kushuku kwamba kulikuwa na kosa jingine chini ya lile la kwanza. Kila neno nililosema kwenye foleni ile lilikuwa kweli. Baba alikuwa balozi. Alikuwa kaskazini. Nilichukua maneno ya kweli nikayatuma yapeleke uongo, na sikuhitaji kufundishwa namna ya kufanya hivyo.

Na hapa hunijia usiku mwingine, wa zamani zaidi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Majirani wawili walikuwa wamegombana juu ya maji ya mfereji. Mmoja aliyafungulia usiku yaingie kwenye migomba yake siku isiyo zamu yake, na mwenzake alipomfuata kumwuliza, akamtukana mbele ya wanawe. Baadaye mkosaji alijuta. Kwetu Uchaggani mtu aliyekosa akitaka kusamehewa hutuma isale, jani la ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na penye makaburi ya wazee wetu. Halipelekwi na mpita njia. Hulipeleka mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, na anayeletewa hulipokea kwa uzito, kwa maana kulikataa isale si jambo dogo. Baba alikubali kulipeleka. Mimi nilichukuliwa nishike kandili.

Kabla hatujatoka, baba alimwambia yule jirani, "Sema unavyotaka niseme." Akasema. "Sema tena." Akasema tena, safari hii akaingiza habari ya mbuzi wa mwenzake aliyewahi kula mahindi yake. Baba akauliza, "Hayo ya mbuzi niyapeleke?" Jirani akafikiri, akasema yaache. "Basi sema tena bila mbuzi." Akasema mara ya tatu. Tulipoingia njiani kati ya migomba, umande unatuchuruzikia mabegani, nilimwona baba kwa mwanga wa kandili akichezesha midomo. Nilidhani anasali.

Tulikaribishwa, tukaletewa kata ya mbege. Baba hakuigusa kwanza. Aliweka isale juu ya kigoda, akasema maneno yale kama yalivyosemwa, bila kupandisha sauti wala kuishusha. Mwenye nyumba alikaa kimya. Mwisho akasema, "Mwambie nimesikia. Lakini tusi lilisikiwa na watoto wangu mchana, na yeye ananiomba radhi usiku." Baba akaitikia, akanywa kidogo, tukaaga.

Tulirudi kwa yule wa kwanza, aliyekuwa bado amekaa kando ya moto. Baba alimweleza yote, na hata lile la mchana na usiku alilisema hivyo hivyo. Yule mzee aliinamisha kichwa akashika magoti yake. Nilimhurumia sana. Tulipokuwa tunaingia kwetu, nimechoka na miguu ina baridi, nilimwuliza baba kwa nini hakumwambia tu kwamba mwenzake amekubali, ili angalau alale vizuri.

"Lakini hajakubali," baba akasema. Akachukua kandili mkononi mwangu akaizima.

Nasikia kesho kutwa yake yule jirani alikwenda mwenyewe mchana, akaomba radhi watoto wakiwepo, na maji yakaendelea kwa zamu. Sikuyaona, nilikuwa shuleni. Nilichobaki nacho ni yale maneno mawili, na kwa miaka mingi niliyahesabu kuwa ukavu wa moyo. Niliona baba hakujua huruma.

Pale Kurasini tulijifunza mambo mengi mazuri. Tulisoma Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, kipengele baada ya kipengele, na tulijua kwamba nchi inayompokea balozi hutakiwa kutoa ridhaa yake kwanza, na ikikataa hailazimiki kueleza sababu. Tulifundishwa namna ya kuandika, kukaa, kunyamaza. Lakini ukiniuliza tulichokuwa tunakitamani, kilikuwa na sura ya mtu mmoja. Salim Ahmed Salim alikuwa ndiye waziri wetu wa mambo ya nje. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alitumwa Cairo kuwa balozi. Akaenda India, akaenda China, akakaa Umoja wa Mataifa miaka kumi, akaongoza kamati ya kupigania uhuru wa makoloni, mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu. Miaka 22! Wengi wetu tulikuwa tumekwisha pita umri huo. Tuliipiga hesabu kitandani, kila mmoja na yake, ya lini naye angepanda gari lenye bendera.

Tuliupenda upande mmoja tu wa safari ile. Mwishoni mwa mwaka 1981 Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kwa majuma kadhaa, duru baada ya duru katika Baraza la Usalama, Marekani ilimzuia yeye na China ikamzuia Kurt Waldheim, mpaka wote wawili wakaachia nafasi na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita. Siku hizo nililisikia kama habari ya dhuluma, na dhuluma ilikuwepo, sitaki kuipunguza. Leo nikiwa mstaafu nawaza zaidi juu ya asubuhi iliyofuata. Alikuwa na nchi iliyokuwa ikimngoja ofisini. Akaendelea na kazi. Mwaka 1984 akawa Waziri Mkuu, na kuanzia 1989 hadi 2001 akaiongoza sekretarieti ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mimi nilinyimwa kitu kidogo sana kuliko hicho, na nilikaa nacho kifuani miaka.

Sehemu ndefu ya maisha yangu ya kazi niliipitisha kwenye itifaki. Huko ndiko zinakoandaliwa hati za utambulisho. Balozi mteule anapokwenda kuonana na mkuu wa nchi aliyotumwa, kwa desturi mkononi ana barua mbili: moja ya kumtambulisha yeye, na nyingine ya kumrejesha nyumbani aliyemtangulia. Katika ile ya kwanza Rais wetu anamwomba mwenzake ayaamini yote ambayo mjumbe huyu atasema kwa niaba yake. Sijui nimezipitia barua ngapi za namna hiyo. Nimekagua nukta, nimekagua majina na vyeo, nimezitia kwenye bahasha nikipulizia vidole visiache alama. Jioni uteuzi ulipotangazwa kutoka Ikulu nilikuwa nasimama jikoni, redio imeegeshwa dirishani, sufuria iko motoni, nasikiliza orodha hadi jina la mwisho. Baadaye redio ikawa simu, na orodha ikawa karatasi yenye nembo inayozunguka kwenye simu za watu. Nilisimama vile vile. Waliteuliwa wenzangu niliosoma nao, waliteuliwa wanasiasa, majenerali wastaafu, na mwisho waliteuliwa vijana niliowafundisha kukunja bahasha. Nilimpigia kila mmoja kumpongeza. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nadhani baba angeitambua.

Ajabu ni kwamba sentensi ile moja, ile ya kuaminiwa, niliisoma miaka yote hiyo kama maneno ya heshima. Sikuiona kuwa ni mzigo hadi majuma saba yale ya ukaimu.

Nchi yenyewe sitaitaja. Vijana wetu sita walikuwa wamezuiliwa kule kwa matatizo ya hati za kusafiria. Niliomba miadi, nikapokewa na ofisa wa cheo cha juu, mtu mpole. Alinisikiliza, akaandika majina, akasema watalitazama suala hilo kwa jicho jema. Akatazama saa. Nilirudi ofisini nikakaa mbele ya karatasi. Nilijua anachosubiri kukisikia kila mtu nyumbani. Nilijua pia kwamba majuma yangu saba yanahesabika, na kwamba kaimu anayefanikisha jambo hukumbukwa. Nikaandika nukushi: upande wa pili umekubali kimsingi kuwaachia vijana.

"Kimsingi." Katika kazi yetu neno hili ni kama kanga, linafunika kila kitu. Sikuwa nimedanganya, nilijiambia. Jicho jema ni nini kama si kukubali kimsingi?

Kule nyumbani nukushi ilisomwa kama ilivyoandikwa, na ujumbe ukafika kwa familia. Siku tatu baadaye simu ya ofisini ililia, mbali sana, laini inakwaruza. Alikuwa mama wa mmoja wa wale vijana. "Mwanangu," akaniambia, nami nilikuwa na umri wa kutosha kuwa mdogo wake, "nimeambiwa wamekubali. Ndege inaingia saa ngapi? Nataka nijue nitalala kwa nani Dar es Salaam." Nilimwambia taratibu bado zinaendelea. Akasema sawa, yeye yuko tayari, amekwisha omba ruhusa ya kumwacha mgonjwa wake kwa jirani. Alikuja Dar es Salaam kabla sijapata ujasiri wa kuandika nukushi ya pili. Alikaa siku kumi na moja kwa ndugu. Vijana walirudi, wazima, baada ya miezi mitano.

Hakuna aliyenigombeza. Mambo haya hutokea, mazungumzo huchelewa, na neno nililotumia lina nafasi ya kupumulia. Lakini usiku ule baada ya simu nilisikia kandili ikizimwa. Lakini hajakubali. Nilielewa, kwa kuchelewa sana, kwamba huruma niliyomdai baba akiwa na yule mzee kando ya moto ilikuwa na gharama ambayo mtu mwingine angelipa. Yule jirani angelala vizuri usiku mmoja, na asubuhi angekutana na mwenzake njiani akitabasamu, na mwenzake asitabasamu. Baba alibeba lile neno chungu akalifikisha likiwa zima, na ndiyo maana mzee yule alijua la kufanya.

Ningependa kuishia hapo, nimefunzwa. Ila Kiboriloni hainiachii.

Asubuhi mlima ukiwa umefunguka, huwa napanda kwa mguu barabara inayotoka hapa kuelekea Kikarara na Tsuduni, Old Moshi, nikipishana na akina mama wanaoteremka na mikungu kichwani na vijana wa bodaboda. Huko juu ndiko alikotawala Mangi Rindi. Mwaka 1885 aliwekeana mkataba na Mjerumani Karl Jühlke, na mwishoni mwa miaka ile ya 1880 akatuma wajumbe wake mwenyewe hadi Berlin, pamoja na Mjerumani mwingine, Otto Ehlers, wakapeleka pembe ya ndovu kwa Kaiser. Chuoni sikumbuki kuwasikia watu wale wakitajwa. Mabalozi wa kwanza niwajuao kutoka miteremko hii kwenda Ulaya walitoka mahali ninapofika kwa mguu kutoka mezani kwa baba. Rindi akafariki mwaka 1891. Mwaka uliofuata mwanawe, Mangi Meli, aliwapiga Wajerumani. Mwaka 1893 wakarudi na nguvu kubwa wakamshinda. Na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale Tsuduni pamoja na viongozi wengine. Inasemekana kichwa chake kilikatwa, na familia yake imekitafuta Ujerumani kwa miaka mingi.

Nikifika pale huwa nakaa. Nawaza wale wajumbe walirudi wakasema nini. Walipoulizwa na Mangi, je, walimhesabia kambi na bunduki walizoziona, au walimwambia kwamba mfalme wa kule ametupokea vizuri, amependa pembe, amekubali kimsingi? Na kama walisema yote, neno kwa neno, kama baba, je, shingo ya Meli ingepona? Sidhani. Kuna wakati naona somo la baba linatosha kwa mfereji mmoja na nyumba kumi na nne, ambako anayetuma na anayetumiwa watakutana tu, msibani au kanisani. Huko nilikofanya kazi kuna wanaopokea pembe yako kwa mikono miwili huku wamekwisha kuamua. Uaminifu wa mjumbe unafaa nini hapo? Nimelibeba swali hili nikipanda na nikishuka. Magoti yananiuma zaidi wakati wa kushuka, na swali nalo.

Mwezi uliopita binti mmoja wa jirani alikuja jioni. Wakati wa msiba wa babu yao walikuwa wamezozana juu ya michango, naye akamrushia shangazi yake ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, ukoo mzima ukausikia. Sasa anataka kutuma isale. Nikamwambia kwa desturi hulipeleka mzee wa kiume. Akasema wazee wa kiume wote wamo kwenye lile kundi, na kila mmoja ana upande. Nikamwambia tena, "Mimi si balozi, mwanangu. Balozi alikuwa baba." Nilisikia maneno hayo yakitoka, mepesi, na sikumbuki kama niliwahi kuyasema kwa sauti kabla ya hapo.

"Najua, bibi," akasema. "Lakini wewe umezoea kutumwa."

Basi nikamkalisha. Sema unavyotaka niseme. Akasema, akilia. Nikangoja amalize kulia, nikamwambia aseme tena. Akasema tena, akaingiza habari za hela ambazo shangazi hakuchanga, nikamwuliza kama hizo nizipeleke. Akafikiri sana kuliko yule mzee wa mbuzi. Akazitoa. Akasema mara ya tatu.

Nilitoka na isale mkononi na tochi ya simu, nikakata kati ya migomba, nikirudia maneno yake chinichini. Nilikuwa navuka mfereji nilipojisikia nikisema kwamba anajuta sana. Nikasimama juu ya ule ubao. Maji yalikuwa yanapita chini yangu, zamu ya mtu fulani. Alisema sana? Nilirudia tangu mwanzo, mara moja, mara ya pili, na kila mara lile neno lilikuwepo mahali pake, zuri, limetulia, wala sikuweza kujua ni la kwake au ni la kwangu.

Taa za kwa shangazi zilikuwa zinaonekana. Nikageuka, nikarudi kumwuliza.